Badia za buku, fumbo la bure

Jumamosi ile umeme ulikatika saa kumi na moja jioni, na mi kazi yangu ni kufotokopi na kuprinti, kwa hiyo umeme ukikatika nishamaliza siku, nikafunga kibanda nikapanda baiskeli nikaanza kurudi nyumbani Makorora, hapa Tanga mjini, taratibu na njaa yangu. Njiani kuna mama anakaanga badia za kunde, anakaa pembeni ya barabara na karai lake, na nikisema badia usifikirie zile kavu za dengu za kwenye pakiti, hizi ni kunde zimesagwa na kitunguu na pilipili mbichi na giligilani, nje zinalia kru kru ndani laini, alafu chatini ya nazi unapewa bure ukimsalimia vizuri. Nikamwambia shikamoo mama, nipe za buku. Akahesabu kumi, akazifunga kwenye gazeti, chatini kwenye kifuko, nikaning'iniza kwenye usukani. (Najua, wino wa gazeti na mafuta ya moto, msinianze. Nimekula hivyo tangu niko darasa la kwanza.)

Nafika nyumbani, nafungua, nakula ya kwanza, nakula ya pili, ya tatu nikaona chini yake kuna visanduku. Vyeusi na vyeupe. Nikazisogeza badia pembeni, nikaona maandishi: Chemsha bongo, na chini yake kwa herufi ndogo, Jikoni.

Wanaonijua wanajua ugonjwa wangu. Tangu shule nilikuwa nikipewa gazeti naanza kutafuta ukurasa wa chemsha bongo kabla ya mpira, na mjomba wangu alikuwa akinigombeza kwamba namharibia gazeti lake kabla hajalisoma. Sasa hii ilikuwa nusu ukurasa, gazeti gani sijui maana juu pamechanika, tarehe hakuna, kona ya chini kushoto haipo kabisa imeenda na badia za mtu mwingine, na katikati mafuta yamelowesha maswali mengine mpaka hayasomeki. Lakini ni fumbo la chakula tupu! Yani kila jibu ni kitu cha kula au cha kupikia. Nikasema hili ni langu, mi na chakula tunajuana, nitalimaliza kabla ya isha.

Nikatoa kalamu ya mfukoni. Kalamu ya wino, mkumbuke hilo.

Swali la kwanza kwenda kulia, herufi tano: "Hula majani, hukuna nazi." Nikakaa. Anayekula majani akakuna nazi ni nani? Nikafikiria sungura, nikafikiria ngedere, nikahesabu vidole, sungura herufi saba haingii. Nikaliruka. Na hapo uani kwetu, hatua tatu kutoka nilipokaa, bi mkubwa alikuwa anakuna nazi ya wali, kajitandika kanga, kainama, kru kru kru, chini yake mbuzi ile ya mbao yenye ulimi wa chuma aliyoachiwa na bibi. Jibu lilikuwa pale na mama kalikalia!

Shangazi ndo aliyelitoa. Alikuwa amekuja kutoka Pangani wiki ile kumsalimia wifi yake, alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, akaniuliza we unanung'unika nini, nikamsomea, hata hajainua kichwa akasema, "Mbuzi. Mama yako kampanda." Bi mkubwa akacheka mpaka nazi ikamponyoka.

Basi nikaanza kumheshimu aliyetunga. Maana angalia alichofanya. Kiswahili chetu kina tabia moja mbaya kwa watunga mafumbo, hakiwezi kuficha siri. Ukisema "kinapikwa" nishajua ni ki, ukisema "yanapikwa" nishajua ni ma, ukisema "anavuliwa" basi ni mnyama au samaki, yani kabla sijafikiria chochote ushanipa herufi mbili za mwanzo bure. Na mbuzi huyu ni balaa zaidi, akiwa wa majani ni "anakula", akiwa wa nazi ni "inakuna", sasa utaandikaje sentensi moja iwabebe wote wawili? Jamaa kachukua ile "hu". Hula, hukuna, hupikwa, haina mwenyewe, haina ngeli, inamfaa yeyote. Kumbe hii "hu" tuliyofundishwa shuleni kwamba ni ya mazoea, ni pazia.

Nikaangalia chini kwenye maswali mengine nikakuta ni hivyo hivyo karibu yote. "Hufunga mbuzi, huungwa kwa nazi," herufi tano. Hiyo nilipata mwenyewe na nikajisifu: kamba. Kamba wa baharini anaungwa, kamba ya katani inafunga. "Hutembea upande, huwasha jiko," herufi tatu, kaa. "Hukoroga, hukataza," herufi tano. Hapa nikaingia chaka. Nikaandika upawa kwa sababu upawa unakoroga mchuzi na una herufi tano, la kukataza nikalipuuzia, nikasema labda jamaa kachoka. Mtu asipuuzie neno kwenye fumbo jamani. Swali zima ni maneno mawili na mi nimetupa moja.

Pamoja na ufundi wake wote aliteleza mahali pamoja, nilifurahi kama nimemkamata mwizi. Herufi nane: "Yaliyobaki tui likiondoka, kuku huyapenda." Yaliyo! Umenipa ma, mzee. Machicha. Niliandika bila hata kupumua.

Sasa badia. Hii ndo iliyonifanya nianze kuandika habari hii yote. Swali: "Kunde zimevaa mafuta," herufi tano kwenda kulia. Mkononi nina badia, kinywani nina badia, karatasi yenyewe inanuka badia, nikaandika BAJIA. Kwa nini? Kwa sababu ndo tunavyoandika. Kwenye simu naandika bajia, vibao vya barabarani vimeandikwa bajia, rafiki zangu wa Dar wanasema bajia, mi mwenyewe nikiwa nao nasema bajia ili wasinicheke. Ila nyumbani tangu nazaliwa ni badia. Mama anasema badia, bibi alisema badia, yule mama wa karai nikimwambia bajia ananiangalia kama mgeni wa basi la asubuhi, si mnajua tena, waja leo waondoka leo.

Kutoka kwenye kisanduku cha tatu, pale pa J, kuna neno la herufi nne linashuka. Na swali lake ndo lile mafuta yalipokaa, linasomeka "Huwa kabla ya k" basi, mbele giza. Kabla ya k nini? Herufi nne, J mwanzo. Nikasema jamu! Unapaka jamu kabla ya kula. Nikaandika JAMU kwa wino nikajipongeza.

Likaja neno la chini yake, kwenda kulia, herufi tano, herufi ya pili inatoka kwenye M ya jamu. "Mbegu, ndugu yake mafuta." Ni ufuta, hakuna kingine, ile ya kunyunyizia juu ya mkate, ndo swali zuri kuliko yote kwenye karatasi ile kwa maoni yangu maana ufuta na mafuta ni ndugu kweli wa tumbo moja. Ila ufuta herufi ya pili ni F. Mi nina M. Umuta? Umuta ndo nini?

Nilikwama hapo mpaka mbu wakaanza. Bi mkubwa akapita na sufuria akaniuliza, "Na badia zimeisha?" Nikasema zipo mama, chukua. Alafu nikasikia nilichosikia. Badia. D! Toa J weka D. Sasa neno linaloshuka ni D, A, kitu, U.

Na hapo mtunzi akanichezea tena, wallahi sijui kama alikusudia au ni bahati ya mafuta. Maana kwenye mambo ya kula, D A kitu U kuna mawili. Kuna dafu na kuna daku. Na swali linasema "Huwa kabla ya k". Dafu huwa kabla ya koroma. Daku huwa kabla ya kucha. Yote yanaingia! Nikaenda kwa ufuta ukaamua, F, dafu. Ingekuwa daku neno la chini lingekuwa ukuta, na ukuta hauliwi.

Kwa hiyo ule mstari mmoja ulinifundisha kwamba aliyetunga fumbo lile ni mtu wa pwani, mtu wa badia, pengine wa hapa hapa, pengine wa ng'ambo Pemba au Unguja, na wala hakuomba radhi. Mtu wa bara angekwama pale maisha yake yote na angeandika barua ya malalamiko.

Tatizo lilibaki moja, karatasi ilishakuwa mbaya. J juu yake D, M juu yake F, wino unasambaa kwenye mafuta kama wino kwenye mafuta unavyosambaa. Zamani nilisoma mahali kwamba mchezo huu ulianza New York, gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913, aliyeutunga ni Arthur Wynne, mtu wa Liverpool aliyehamia Marekani, na la kwanza halikuwa mraba kama haya yetu, lilikuwa na umbo la almasi na neno FUN limeshawekwa juu tayari. Alafu mwaka 1924 kampuni ya Simon & Schuster ikatoa kitabu cha kwanza cha mafumbo hayo na kila kitabu kikafungiwa penseli. Penseli! Mwaka 1924 watu walishajua, mi mpaka leo naingia na kalamu ya wino kama nasaini mkataba wa kiwanja.

Nikaomba penseli kwa mtoto wa jirani. Nikarudi kwenye upawa.

Kutoka kisanduku cha nne cha upawa linashuka neno la herufi sita: "Mzee hufanya usiku, mnazi hubeba mchana." Kwa upawa linaanza na W. Nikawasomea wazee wangu pale uani, saa hizo tuko kwenye taa ya chemli na moto wa jiko, wali uko juu, samaki wa kupaka anasubiri. Nikasema mnazi unabeba nini? Shangazi akaanza kuhesabu kama anahesabu wajukuu: kwanza kidaka, kadogo kale kanaanguka kenyewe na upepo, alafu kitale, alafu dafu, alafu koroma, alafu ndo nazi, na ukiiacha ikakauka mpaka inagonga ndani ni mbata. Nazi moja mpaka ikomae ni kama mwaka mzima, akasema, na nyie mnaitaka imekunwa ndani ya mfuko.

Nikamuuliza koroma lenyewe linafaa nini, maana mi nalijua kwa jina tu. Akasema ndo hivyo, halifai sana, maji yashaanza kupoteza utamu na nyama imekuwa ngumu ila tui bado halijakaa sawa, mtu anaangusha koroma kwa bahati mbaya au kwa ujinga. Bi mkubwa naye kanyamaza anageuza makaa, alafu akaanza kucheka peke yake.

"Mzee hufanya usiku," akasema. "Wifi, kaka yako."

Shangazi akapiga kofi. Marehemu baba alikuwa akikoroma mpaka majirani wa ukuta wa pili wanajua kalala chali au kalala ubavu. Koroma! Herufi sita, K mwanzo. Wakacheka wale wawili, wakakumbushana safari moja ya Pangani ambapo baba alilala kwenye basi na kondakta akadhani gari lina ubovu, hiyo sijawahi kuisikia kabla, na bi mkubwa akafuta macho na pembe ya kanga akasema moshi. Mi nikajifanya naandika.

K ikiwa ya nne, upawa umekufa. Kitu, kitu, kitu, K, kitu. Hukoroga, hukataza. Bi mkubwa wakati huo alikuwa ameshika mwiko anageuza wali. Sikuuliza. Nikaandika mwiko, wa kukoroga na ule wa kukatazwa, kama mwiko wa kufagia usiku alionao bibi mzaa mama mpaka leo. Mara ya pili jibu liko mkononi mwa mama yangu na mi nakodolea karatasi.

Kuna mambo mengine ya kiufundi niseme haraka haraka kwa wale wagonjwa wenzangu. Kiswahili maneno yetu karibu yote yanaisha na vokali, kwa hiyo ukiwa hujui neno hata kidogo kisanduku cha mwisho una nafasi moja kati ya tano, Mwingereza hana bahati hiyo. Ila huku mwanzo tunateseka. C peke yake haina kazi, lazima H ifuate, kwa hiyo chaza inakula visanduku viwili kabla hujaanza kusema kitu, na neno lolote linaloshuka kwenye C lazima nalo liwe la ch. Q na X sahau. Na umoja na wingi! "Huzaliwa shimoni, hufa na chai," herufi nane, hiyo ni kitumbua au vitumbua, vyote nane, vyote vinazaliwa kwenye vishimo vya kikaango, na kwa sababu ya ile hu yake huwezi kujua kama ni kimoja au vingi, kwa hiyo nikaandika ITUMBUA nikaacha kichwa wazi. Kaa ndo aliyenipa K.

Lakini nililokasirika nalo ni ng'onda. "Hukaushwa kwa chumvi na jua," herufi sita. Mtu wa Tanga huwezi kukosa ng'onda, ila ile alama ya juu inakaa wapi? Kisanduku chake haina, kwa hiyo inaandikwa NGONDA, na ukisoma ngonda bila ile alama huyo si samaki tena, sijui ni nini, labda ni mtu. Bi mkubwa akasema iweke kati kati ya mistari kama nzi. Nikaiweka kama nzi.

Na moja lilikuwa kitendawili kabisa, kalitupia tu hivyo hivyo: "Kuku wangu katagia miibani." Nilipolisoma sikufika hata kwenye idadi ya herufi, mama na shangazi wote wawili wakajibu nanasi kama watoto wa darasani, na mtoto wa jirani mwenye penseli naye akajibu. Nikawaambia mnajua nanasi si la kwetu, lilitoka Amerika ya Kusini na hata jina lake ni la huko, likapita kwenye midomo ya Wareno ndo likafika huku. Shangazi akasema, "Kuku ni wetu." Yakaisha.

Tukala. Umeme ukarudi saa tatu na nusu. Likabaki moja.

Herufi nane, kwenda kulia, chini kabisa: "Tui lisiloonja maji." Mi hilo neno sikulijua, nakiri. Nakula tui kila siku ya Mungu, ila kwangu mimi kuna tui zito na tui jepesi basi. Nikalisoma kwa sauti na hapo ndo fumbo likageuka kuwa kesi.

"Kasimile," akasema bi mkubwa.

"Kasimele," akasema shangazi.

Wakatazamana.

Nikahesabu. K A S I M I L E, nane. K A S I M E L E, nane. Yote yanaingia, tofauti ni kisanduku cha sita tu, I au E. Nikasema hamna shida, kisanduku cha sita kina neno linaloshuka, tutalijua. Nikatafuta swali la neno linaloshuka. Liko kwenye ile kona ya chini kushoto. Kona isiyokuwepo. Na visanduku vya neno lenyewe nusu vimechanika navyo, vimebaki viwili, kile cha kwetu na kimoja juu yake ambacho ni cheusi ti kwa mafuta.

Bi mkubwa akaeleza kwamba kwao, yani kwa bibi, unakuna nazi, unaikamua kavu kwenye kifumbu bila tone la maji, inatoka ile nzito kama krimu, hiyo unaiweka pembeni inaingia mwisho kabisa mchuzi ukishaiva ili isikatike, na jina lake kasimile. Shangazi akasema maelezo yote sahihi wifi, jina ndo umekosea. Nikauliza, kistaarabu kabisa, na baba alikuwa anasemaje? Maana baba ni mtu wa Pangani kama shangazi lakini kala jikoni kwa mama miaka thelathini na kitu, huyo angekuwa refa mzuri. Wote wawili wakafikiri. Bi mkubwa akasema, "Baba yako alikuwa anasema lile zito."

Kama mimi tu.

Nina kamusi ya shule ndani. Niliitafuta kwa tochi ya simu, ikapatikana chini ya mafaili, kuanzia J mwisho mpaka katikati ya L hakuna, kurasa zilishatumika. Simtuhumu mtu. Nitasema tu kwamba kuna kipindi mdogo wangu aliuza karanga.

Asubuhi nikalipeleka swali kijiweni, kwenye kahawa na kashata, nikidhani wazee wataamua. Kosa. Wakagawanyika nusu kwa nusu, kisha wa nusu moja wakagombana wenyewe kwa wenyewe kama tui lisilo na maji kabisa linawezekana kweli au lazima uloweshe kidogo. Mmoja akasema laiti angekuwepo Shaaban Robert, kazaliwa hapo Vibambani 1909, mtu wa lugha, angetuamulia. Mwenzake akamjibu yule alikuwa mshairi, si mpishi. Muuza kahawa akasema yeye nyumbani kwake wananunua la pakiti, wakamzomea.

Jioni nikarudi kwa mama wa badia. Nikamwamkia, nikanunua za buku tena, nikamwambia mama samahani, jana ulinifungia kwenye gazeti, nusu yake nyingine bado ipo? Akaniangalia. "Mwanangu, lina hela ndani?" Nikasema hapana, lina fumbo. Akageuka akanionyesha rundo lake la karatasi, akaniruhusu nipekue, nikapekua huku wateja wananisubiri na mmoja ananiuliza kama mi ni bwana afya. Gazeti lile lilishaisha. Akanifungia badia zangu kwenye karatasi nyingine, nikafika nyumbani, nikafungua kwa hamu kama mjinga, nikakuta mtihani wa hisabati wa darasa la tano. Umepauka upande wa kulia, una mstari mweusi mwembamba kutoka juu mpaka chini. Ule mstari naujua. Ni wa mashine yangu, nimeshindwa kuurekebisha tangu mwezi wa pili.

Jumatano shangazi akaondoka. Nikambebea mfuko mpaka stendi, bi mkubwa naye akaja, Pangani ni kilomita kama 50 tu ila kwetu mtu akiondoka anasindikizwa kama anaenda Hija. Karatasi ilikuwa mfukoni mwangu, nimeikunja mara nne, mafuta yashakauka, visanduku vyote vimejaa isipokuwa kimoja. Gari likawashwa. Shangazi akatoa kichwa dirishani, nikajua anataka kuniaga, nikasogea.

"Andika E!" akasema.

Nikasikia nyuma yangu bi mkubwa anamjibu, kwa upole kabisa, mkono juu anampungia: "I, wifi. Safari njema."